Kesi ya Oscar Pistorius: Jaji Masipa alisema hakukusudia, Jaji Leach akasema ni mauaji. Wewe unasimama wapi?

Mtu akimpiga risasi mke wake au mpenzi wake ndani ya nyumba halafu akasema nilidhani ni mwizi, huku mtandaoni huwa tunagawanyika hapo hapo, upande huu wanataka anyongwe na upande ule wanasema jamani ni bahati mbaya, usiku, giza, mtu ana hofu, ingekuwa wewe ungefanyaje. Tunabishana weee bila mtu hata mmoja kuuliza lile swali ambalo jaji anaanza nalo. Nimeona bora tuichukue kesi ya Oscar Pistorius wa Afrika Kusini maana mambo yale yale na ushahidi ule ule vilipita mahakama mbili vikatoka na majibu mawili tofauti, kwa hiyo mtu unaweza kuyalaza sambamba ukachagua lipi linakuingia akilini. Mi nimeshachagua na nasema mapema kabisa, naona mahakama ya rufaa ndo ilipatia, ila upande wa Jaji Masipa nitauweka vizuri kwa sababu alistahili kusomwa na watu wakamtukana tu.

Kwa ambao walikuwa wadogo wakati ule: ni tarehe 14 Februari 2013, siku ya Valentaini, kama saa tisa usiku, nyumbani kwa Oscar ndani ya mtaa wenye ukuta na walinzi unaoitwa Silver Woods, Pretoria. Oscar alikuwa na miaka 26, ndo yule mkimbiaji aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti kabla hajatimiza mwaka, na 2012 akakimbia mita 400 kwenye Olimpiki ya London pamoja na watu wenye miguu yao. Reeva Steenkamp alikuwa na miaka 29, mwanamitindo, na kitu ambacho watu wanakisahau ni kwamba alikuwa amesoma sheria chuo kikuu. Oscar anasema aliamka kuingiza feni zilizokuwa kwenye baraza, akasikia dirisha la bafuni linafunguliwa, akachukua bastola yake ya milimita 9, akatembea bila miguu ya bandia mpaka bafuni, akakuta mlango wa choo umefungwa, akasikia kitu kama mtu anajisogeza ndani, akafyatua risasi nne kupitia ule mlango. Ndani alikuwa Reeva. Zilimpata nyongani, mkononi na kichwani. Baadaye Oscar akauvunja mlango kwa gongo la kriketi.

Sasa pale mlangoni sheria ya Afrika Kusini inakupa njia nne, na zote zinategemea kichwani mwake kulikuwa na nini wakati kidole kiko kwenye triga. Kuna kukusudia moja kwa moja, alilenga kuua na akaua, na ikithibitika alipanga kabla basi adhabu inaanzia kifungo cha maisha. Kuna hii yenye jina la Kilatini, dolus eventualis, ambayo ni mauaji kamili kabisa sio mauaji nusu: lengo lako halikuwa kuua lakini uliona kwamba hiki ninachofanya kinaweza kuua mtu na ukaendelea, liwalo na liwe. Hapo mtu wa kosa la kwanza anaanzia miaka 15, labda jaji aone sababu nzito ya kushusha. Halafu kuna kuua bila kukusudia, yaani wewe hukuliona hilo lakini mtu mwenye busara akiwa kwenye nafasi yako angeliona na angejizuia, na hapo sheria haikuweka kianzio, jaji anapima mwenyewe. Ya mwisho ni kuachiwa, kwamba uliamini kwa dhati unaokoa maisha yako na kosa lako lilikuwa la kueleweka.

Wengi tunaijua ile ya kwanza na ile ya mwisho tu, muuaji au ajali. Ugomvi wote wa kesi hii ulikuwa pale katikati.

Tuanze na Masipa. Kesi ilianza tarehe 3 Machi 2014 Pretoria, ikarushwa laivu kwenye tivii, na kule hakuna baraza la raia la kuamua kama la Wamarekani, walilifuta tangu 1969, kwa hiyo alikaa yeye Jaji Thokozile Masipa na wazee wa baraza wawili. Mwendesha mashtaka Gerrie Nel alikuja na shtaka kubwa, kwamba waligombana, Reeva akakimbilia chooni akajifungia, na Oscar akampiga akijua kabisa ni yeye. Alikuwa na majirani waliosikia mwanamke anapiga kelele. Alikuwa na meseji za WhatsApp, moja Reeva akimwambia Oscar kwamba wakati mwingine anamuogopa kwa jinsi anavyomfokea. Mi nikisoma ile meseji mpaka leo moyo unanishuka, na najua wanawake wengi wakiisoma wanaona maisha yao wenyewe.

Lakini Masipa akasema meseji hazithibitishi kilichotokea usiku ule, mahusiano yanapanda na kushuka, leo watu wamenuniana kesho wanacheka. Kuhusu kelele akasema wengine walikuwa mbali, ni usiku wa manane, Oscar mwenyewe alikuwa anapiga mayowe, na mlio wa gongo kwenye mlango unaweza kuchanganywa na mlio wa risasi, akapanga muda wa simu zilizopigwa usiku ule akaona hauendani na stori ya Nel. Kwa hiyo shaka ipo. Na shaka ikiwepo ni ya mshtakiwa, hata kama mshtakiwa mwenyewe alikuwa shahidi mbovu, na Masipa alisema wazi kwamba Oscar alikuwa anakwepa maswali. Hapo mi simlaumu. Kukusudia moja kwa moja kunahitaji uthibitishe kwamba alijua, na kuhisi kwamba alijua hakutoshi.

Na waliosema jaji huyu anawahurumia wanaume wanaoua wake zao hawakuwa wanamjua. Mwaka 2009 huyo huyo Masipa alimfunga maisha polisi aliyempiga risasi mke wake wa zamani baada ya kugombania mgao wa mali za talaka. Ukiweka zile kesi mbili pamoja unaiona tofauti, kule kuna ugomvi unaojulikana, kuna sababu, aliyelengwa anajulikana ni nani, hakuna mlango katikati. Pale kukusudia moja kwa moja kulikuwa wazi. Kwa Oscar mlango ulikuwa umefungwa na aliyekuwa ndani hawezi tena kusema.

Sasa alipoteleza ni hapa. Baada ya kuondoa kukusudia moja kwa moja akahamia kwenye dolus eventualis, swali likiwa je Oscar aliona kwamba anaweza kumuua aliyekuwa nyuma ya mlango? Akajibu kwamba hapana, hakuona hivyo, sembuse kumuua Reeva, kwa sababu aliamini Reeva yuko kitandani. Soma tena polepole. Swali lilikuwa kuhusu mtu aliyekuwa nyuma ya mlango, yeyote yule, na jibu likajaa Reeva. Kwa hiyo tarehe 12 Septemba 2014 akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akasema mtu mwenye busara angepiga simu kwa walinzi au angetoka kwenye baraza apige kelele za kuomba msaada, sio kwenda na bastola.

Nel akakata rufaa, na kule upande wa serikali hauruhusiwi kukata rufaa kwa kusema jaji aliuona ushahidi vibaya, unaruhusiwa kwa hoja ya sheria tu, kwamba jaji alitumia kipimo kisicho chenyewe. Tarehe 3 Desemba 2015 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Rufaa pale Bloemfontein wakatoa jibu moja, Jaji Eric Leach ndo aliyeandika. Akasema nani alikuwa nyuma ya mlango hakuhusiani na kosa. Akatoa mfano wa mtu anayelipua bomu kwenye kadamnasi, huyo hawajui kwa majina watakaokufa, hawajawahi kumkosea, lakini nia ya kuua anayo. Kwa Oscar ni hivyo hivyo: kile choo ni kidogo mno, mtu aliye ndani hana pa kujificha, risasi ni nne sio moja, bastola ni nzito, na risasi zenyewe ni zile za kutanuka zikiingia mwilini. Hakuna namna mtu anafyatua nne kwenye kichumba kile halafu hakuona kwamba aliyemo anaweza kufa. Leach pia akasema Masipa hakuupa uzito ushahidi wa mazingira kama ule wa mtaalamu wa risasi wa polisi, na huo nao ukahesabiwa kuwa kosa la kisheria.

Kuna kitu hapa naona watu wengi wanakikosea na kinanikera kwa kweli. Mahakama ya rufaa HAIKUSEMA Oscar alijua ni Reeva. Haikusema waligombana. Ile stori yake ya mwizi ilibaki kama Masipa alivyoiacha, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuigusa, na bado wakasema ni mauaji. Yaani tuseme kila alichosema kuhusu mwizi ni kweli tupu, tuseme mle chooni kweli angekuwa kijana aliyeingia kuiba simu, bado angekuwa na hatia ya mauaji ya yule kijana. Ukielewa hapo umeelewa kesi nzima. Na kwa watu wa kwetu tuliozoea kusikia mwizi kapigwa mpaka kafa, hii sehemu ingefaa tuikazie macho, maana sheria inamhesabu mwizi kama mtu.

Sasa dolus eventualis ina mguu wa pili na wengi wanausahau. Kuona haitoshi, lazima uwe umekubali moyoni kwamba ikitokea itokee. Mfano wake mzuri ni kule kule Afrika Kusini, Agosti 2010, Blackheath karibu na Cape Town, dereva wa minibasi iliyobeba watoto wa shule aliyapita magari yaliyosimama kwenye kivuko cha reli, geti limeshashuka, treni ikamkuta, watoto 10 wakafa. Mahakama ya kwanza ikasema mauaji, miaka 20. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ile ile ya Bloemfontein ikageuza ikawa kuua bila kukusudia, miaka 8. Sababu? Walikubali kwamba aliiona hatari, ila hakuwa ameikubali, kwa kuwa yeye mwenyewe yuko ndani ya gari na asingekubali kufa, aliamini atawahi. Mtu unaumia kusoma hivyo, watoto 10, ila mstari unaonekana. Dereva alibeti maisha ya watoto pamoja na ya kwake akiamini atapita. Oscar yeye alikuwa upande salama wa mlango, na hakuna kitu alichotegemea kingemwokoa aliye ndani zisimpate. Leach mwenyewe alisema Oscar alicheza kamari na maisha ya mtu. Kwa hiyo kama unasita kati ya mauaji na kuua bila kukusudia, mi naona hapa ndo pa kupimia: muhusika alikuwa na sababu yoyote ya kuamini kwamba mtu hatakufa? Dereva alikuwa nayo, mbovu lakini ipo. Oscar hakuwa nayo.

Na wale wa njia ya mwisho, kujitetea? Nawaelewa zaidi kuliko wanavyodhani. Mtu hana miguu, usiku, nchi yenye uhalifu wa kuvamia majumbani, hofu ni ya kweli na hata Masipa aliikubali. Lakini hofu na kuamini una haki ya kufyatua ni vitu viwili. Oscar alikuwa amefanya mtihani wa kupata leseni ya silaha, na kwenye mtihani ule anaulizwa wakati gani unaruhusiwa kumpiga mtu risasi, na alijibu vizuri, alijua kwamba mpaka maisha yako yawe hatarini kwa shambulio la kweli. Aliyekuwa chooni hajatoka, hajasema neno, hajaonekana na silaha. Hakuna hata risasi moja ya onyo iliyopigwa. Halafu stori yake mwenyewe ikawa inabadilika, mara alifyatua kwa kuamini anashambuliwa, mara hakukusudia kufyatua kabisa, mpaka Leach akasema kwa kweli mtu hujui sababu yake ya kufyatua ni ipi. Huwezi kujitetea na wakati huo huo ikawa bastola ilijifyatua yenyewe. Ukisikia mshtakiwa popote anashika zote mbili, jua utetezi unalegea.

Hapa naomba niweke tukio lingine, maana linatusumbua sisi tunaotaka sheria iwe sawa kwa wote. Mwaka 2004 mchezaji wa zamani wa timu ya raga ya Springboks alipiga risasi gari lake likiwa linatoka nyumbani alfajiri akidhani linaibwa, kumbe anayeendesha ni binti yake wa miaka 19, akafa. Shtaka la mauaji lilifutwa. Nani asiyemuonea huruma baba yule? Lakini kwa kipimo cha Leach swali ni lile lile, ulipofyatua ulijua kuna mtu anaendesha au hukujua? Huruma ni ya waendesha mashtaka na ya jaji kwenye adhabu, sio kwenye kuamua ni kosa gani. Nadhani hapo ndipo tunapochanganya mafaili, tunamwonea mtu huruma halafu tunalibadilisha kosa lenyewe lifanane na huruma yetu.

Tukija kwenye adhabu utaona kwa nini jina la kosa ni kitu kikubwa. Kwa kuua bila kukusudia alipewa miaka 5 Oktoba 2014, na Oktoba 2015 akatolewa gerezani akamalizie nyumbani kwa uangalizi, yaani kama mwaka mmoja tu ndani. Kosa lilipobadilika kuwa mauaji likarudi kwa Masipa apange adhabu, Julai 2016 akampa miaka 6. Miaka 6 kwa mauaji ambayo kianzio ni 15! Hapo ndo sikubaliani naye kabisa, maana alikuwa kama anaadhibu kosa lile la kwanza ambalo wakubwa wake walishamwambia silo. Novemba 2017 mahakama ya rufaa ikaipandisha ikawa 15 ukiondoa alizokwisha tumikia, zikabaki miaka 13 na miezi 5. Alitoka kwa parole tarehe 5 Januari 2024, na masharti yanamfuata mpaka Desemba 2029, yakiwemo kuhudhuria programu ya kudhibiti hasira na ya ukatili wa kijinsia. Mama yake Reeva hakupinga parole, ila alisema haiamini ile stori ya mwizi, na hiyo ni haki yake, mzazi hafungwi na kipimo cha bila kuacha shaka.

Kwa hiyo kama unachagua: unaamini alijua ni Reeva? Basi uko na Nel, na utuambie ushahidi gani unaziba ile shaka ya Masipa, mi sijauona mpaka leo. Unaamini hakujua kwamba kuna mtu yeyote mle, au hakuona kwamba risasi nne zinaweza kuua? Basi uko na Masipa, lakini utueleze sasa alikuwa anampiga nani. Unaamini alijua kuna mtu, hakujua ni nani, na akafyatua? Basi hata kama roho inakuuma kwa ajili yake, uko na Leach, na mimi niko hapo.

Na hii sio sheria ya Makaburu tu kama mdau mmoja alivyowahi kuniambia. Kifungu cha 206 cha sheria ya makosa ya jinai Kenya kinasema nia ovu, ile inayofanya kuua kuwe mauaji, ipo pale mtu alipojua kwamba kitendo chake kitaelekea kuua au kumjeruhi vibaya mtu fulani, awe ndiye aliyekufa au siye, na hata kama hakujali itakuwaje. Awe ndiye au siye! Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, ina maneno karibu yale yale kwa kuwa zote mbili zimetoka kwa mkoloni mmoja. Kipimo chetu kinasema kitaelekea kuua, ambacho ni kigumu kidogo kuthibitisha kuliko kule wanakosema kinaweza kuua, lakini risasi nne kwenye choo zinapita popote. Kwa hiyo mtu wa Nairobi au Mwanza mwenye bastola yake ya leseni akifyatua mlangoni kwa kudhani ni mwizi, nilidhani ni mwizi peke yake haimtoi kwenye mauaji, lazima iwe aliamini kwa dhati na kwa sababu ya kueleweka kwamba maisha yake yako hatarini.

Tofauti inakuja baada ya hukumu. Kenya tangu kesi ya Muruatetu Mahakama ya Juu, tarehe 14 Desemba 2017, jaji halazimiki tena kutoa adhabu ya kifo kwa mauaji, anasikiliza mtu alikuwa nani na ilikuwaje kisha anapanga. Tanzania sheria imeandikwa kunyongwa, jaji hana nafasi ya kupima, na Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu iliyopo hapo hapo Arusha ilishasema mwaka 2019 kwamba kumlazimisha jaji hivyo kunavunja haki ya kuishi. Kuua bila kukusudia ni kuanzia sifuri mpaka maisha. Ndo maana mawakili wa kwetu wanapigania lile neno kukusudia kwa jasho kuliko wakili Barry Roux alivyompigania Oscar mahakamani, kwa sababu kule kukosea ni tofauti ya miaka 5 na 15, huku ni tofauti ya kutoka siku moja na kitanzi.